JENGO LA WASHONAJI NA WACHORAJI KATIKA CHUO KIKUU



Muhula uliopita, katika chama chetu cha mabishano, tulijadili neno hili: "Haifai nchi maskini kujenga katika Chuo Kikuu jengo la wanafunzi wa mitindo ya nguo na michoro ya kompyuta." Waliolikubali neno hilo walikuwa wengi, na sisi tuliolipinga tukashindwa vibaya. Sina kinyongo nao, kwa maana walisema vizuri na kwa adabu. Lakini msemaji hupewa dakika 5 tu, na jambo lenyewe ni zito. Kwa hiyo nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili, nieleze kwa nini mimi naona jengo la namna hiyo lafaa, tena lafaa hasa kwa nchi kama Burundi.

Yanipasa kwanza niyataje maneno ya wenzetu kwa haki. Walisema mambo matatu. La kwanza, kwamba watu wa ufuko wetu huu, toka Minago hadi Rumonge, wamepata taabu ya maji. Ziwa limepanda miaka hii, na mwaka 2024 liliingia katika nyumba za watu wengi. Je, ni haki kujenga nyumba ya mitindo wakati jirani yako hana pa kulala? La pili, kwamba kushona hakutaki Chuo Kikuu, kwa maana mafundi wa cherehani wa sokoni Rumonge hawakusoma huko, na nguo zao twazivaa. La tatu, kwamba michoro ya kompyuta ni mchezo wa vijana wa matajiri, wala haileti chakula nyumbani.

Maneno hayo si ya upuuzi, na mtu asiyeyajibu hana haki ya kudai jengo. Nitayajibu yote matatu, lakini nitaanza na nguo yenyewe.

Watazameni akina mama watokapo kanisani siku ya Jumapili, au waendapo arusini. Wamevaa vitenge vyenye maua, ndege, samaki na macho ya tausi. Ni nani aliyeyachora maua yale? Katika nchi ya Uholanzi uko mji uitwao Helmond, na hapo ipo kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mwaka 1846. Kampuni hiyo ilijifunza kuiga kwa mashine vitambaa vya batiki vya Java, na baadaye ikapata soko lake kubwa katika Afrika. Kwa miaka mingi wachoraji wamekaa Helmond, penye baridi na theluji, wakichora nguo za kuvaliwa Lomé na Kinshasa. Vitenge vya bei nafuu vilivyojaa katika masoko yetu vingi hutoka China, na huko nako yuko mtu aliyekaa akachora. Basi mama wa Minago anunuapo kitenge hulipia pamba, hulipia rangi, hulipia safari, na hulipia pia mkono uliochora. Jengo la wachoraji ambalo sisi twalikataa, tumekwisha kuanza kulilipia zamani, ila limejengwa katika nchi ya wengine.

Tena kuna jambo la kushangaza. Katika Togo walikuwako wanawake wafanyabiashara walioitwa Nana Benz, ambao waliuza vitambaa hivyo vya Uholanzi na kuyapa majina maua yake. Jina likipendeza, kitambaa kilinunuliwa haraka. Lisipopendeza, kililala dukani. Kwa hiyo macho ya kuchagua tunayo sisi Waafrika, na ulimi wa kutaja tunao. Kilichotupungukia ni kalamu, na mahali pa kufundishwa kuishika.

Wala tusiseme kwamba nchi yetu haina pamba. Tangu wakati wa Wabelgiji pamba imelimwa katika bonde la Imbo, na sisi wa kando ya ziwa tumo humo. Katika mji wa Bujumbura kilijengwa, kwa msaada wa Wachina, kiwanda cha nguo kilichoitwa COTEBU. Kilisokota nyuzi, kikafuma vitambaa na kuvipiga chapa. Baadaye kiwanda hicho kilishindwa kikafungwa, kisha kikafufuliwa kwa jina la Afritextile. Sababu za kufungwa kiwanda huwa nyingi, na mimi si mtaalamu wa biashara. Lakini jambo moja hata mwanafunzi aweza kuliona: mashine hufuma kitambaa, bali haijui ni mchoro gani ambao bibi arusi atautamani. Hilo hulijua mtu, na mtu hufundishwa.

Sasa tuangalie mitumba, ambayo wengi wetu twaiita "chagua". Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007, walikubaliana kwamba nguo kuukuu kutoka ng'ambo zipunguzwe kidogo kidogo mpaka ziishe. Rwanda ilipandisha ushuru wake toka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kila kilo moja. Marekani haikupendezwa. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, lakini Rwanda haikurudi, na mwaka 2018 Marekani iliondoa nafuu ya ushuru iliyokuwa imezipa nguo za Rwanda. Nionavyo mimi, fundisho la habari hii ni kwamba ushuru peke yake haumvishi mtu. Waweza kufunga mlango wa mitumba kwa amri ya siku moja. Lakini kupata mtu ajuaye kukata suruali iliyo nzuri na rahisi kama ile ya mtumba, hiyo ni kazi ya miaka. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Basi tukitaka kuiacha, ni lazima kwanza tuwe na ya kwetu.

Hapa naja kwenye neno la pili la wenzetu, kwamba fundi hahitaji Chuo Kikuu. Fundi wa Rumonge namheshimu sana. Akikutazama mara moja huweza kukijua kipimo cha bega lako. Lakini yeye hushona nguo moja kwa mtu mmoja. Anayetaka kushona sare za wanafunzi 1,000 yampasa achore kwanza vipande vya karatasi vya kukatia, kisha avikuze na kuvipunguza kwa vipimo mbalimbali, kisha avipange juu ya kitambaa ili makapi yawe machache. Akipoteza sentimeta 10 katika kila sare, katika sare 1,000 amepoteza mita 100 za kitambaa. Hiyo ni hesabu, na ni hesabu ile ile ya maumbo ambayo hututoa jasho darasani na ambayo wengi huuliza, "Itatufaa nini?" Rangi nayo ni kemia, kwa maana rangi ishikayo pamba vizuri si lazima ishike nailoni.

Na mchoro wa kitambaa una sheria yake. Mchoraji huchora kipande kimoja tu, nacho hurudiwa tena na tena katika mita zote. Kwa hiyo ukingo wa kulia ni lazima ukutane na ukingo wa kushoto, na wa juu ukutane na wa chini, wala jicho lisiweze kuona vilipounganishwa. Zamani kazi hii ilifanywa kwa karatasi na mkasi kwa siku nyingi. Leo hufanywa kwa kompyuta, na mchoro huo huo hupelekwa moja kwa moja katika mashine ya kupiga chapa. Hii ndiyo sababu yafaa mshonaji na mchoraji wa kompyuta wakae katika jengo moja. Mmoja akichora bila kumwona mwenzake akikata, atachora ua zuri ambalo litakatwa katikati penye mshono wa bega. Mwingine akikata bila kujua kuchora, atangojea siku zote maua ya Helmond.

Neno la tatu lilikuwa kwamba michoro ya kompyuta ni mchezo. Mwaka 2023 kampuni ya Disney ilitoa filamu fupi za katuni zilizotungwa na Waafrika, na jina la mkusanyo huo laanza kwa Kiswahili chetu: "Kizazi Moto". Mojawapo, "Herderboy", iliongozwa na Raymond Malinga wa Uganda; nyingine, "Enkai", iliongozwa na Ng'endo Mukii wa Kenya. Hao ni watu wa nchi za jirani zetu, na kazi yao imetazamwa ulimwengu mzima. Hawakulipwa kwa kucheza. Hata mambo madogo ya hapa kwetu yahitaji mchoraji: karatasi ya chupa ya mafuta ya mawese, picha ya kuwafundisha wazazi kuchemsha maji, kitabu cha watoto cha kusomea. Tazameni chupa za mawese zinazouzwa kando ya barabara ya Bujumbura. Mafuta ni mazuri, lakini chupa haina jina wala alama, na mnunuzi akiyapenda hajui amwombe nani tena.

Labda mtu atasema, "Vema, lakini mambo hayo ni ya nchi kubwa zenye fedha." Basi na tuitazame Makerere. Mwaka 1937, huko Kampala, Bibi Margaret Trowell, mke wa daktari, alianza kuwafundisha watu wachache kuchora barazani kwake. Hakuwa na jengo. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Toka katika masomo hayo walitokea watu kama Gregory Maloba wa Kenya, aliyeitengeneza sanamu ya uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962, na Sam Ntiro wa Kilimanjaro, mchoraji ambaye baadaye alikuwa balozi wa Tanganyika katika Uingereza. Mwaka 1969 Makerere ilipata nyumba ya kuonyeshea picha. Leo shule hiyo huitwa kwa jina la Bibi Trowell, imo ndani ya chuo cha uhandisi, usanifu na sanaa, na hufundisha kuchora na kuchonga pamoja na vitambaa, mitindo ya nguo na kazi za kompyuta. Kilichoanza barazani kimekuwa sehemu ya Chuo Kikuu.

Na huko London kwenyewe mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mwaka 2023 chuo cha mitindo kiitwacho London College of Fashion kilihamia katika jengo jipya lenye orofa 17, upande wa mashariki wa mji. Jengo hilo liliwakusanya pamoja wanafunzi na waalimu waliokuwa wametawanyika katika majengo 6. Mtu akiliona hudhani kwamba ni mali ya mabwana wakubwa tangu mwanzo. Lakini asili ya chuo hicho ni shule ndogo za kazi za mikono, ya kwanza katika mtaa wa Shoreditch mwaka 1906, ambazo zilifundisha wasichana kushona ili wapate kazi katika maduka ya nguo. Toka cherehani za wasichana hao hadi orofa 17 imepita miaka 117. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi wa Minago, tunaoamka kila siku tukiona mitumbwi ya wavuvi wa ndagala, twaijua methali hiyo kuliko watu wengi.

Kwa hiyo nawajibu wenzetu walionena habari za maji ya ziwa. Wana haki. Mtu aliyepoteza nyumba na apewe nyumba kwanza, wala sitaki hata mfuko mmoja wa saruji uondolewe kwake upelekwe penginepo. Lakini wakumbuke kwamba mtu huyo akiisha kupata nyumba atataka kazi, na watoto wake watataka kazi. Si wote watakaopata nafasi katika uvuvi, kwa maana samaki hawaongezeki kama watu wanavyoongezeka. Si wote watakaopata shamba la michikichi. Nami sisemi jengo lianze kesho. Makerere na London zatufundisha kwamba kwanza huja mafundisho, kisha huja jengo. Kosa letu ni kufikiri kinyume: twasema hatuwezi kuanza kwa sababu hatuna jengo, halafu twasema jengo halihitajiwi kwa sababu hakuna aliyeanza.

Kwetu Chuo Kikuu kilianza mwaka 1964, na Gitega iko shule ya sekondari ya sanaa. Natamani kijana amalizaye huko, au katika shule kama yetu, apate mlango wa kuendelea hapa hapa nchini. Na siku jengo litakapojengwa, natumaini wajenzi watakumbuka mambo machache. Liwe mahali pa juu, mbali na maji. Liwe na madirisha makubwa, kwa maana umeme hukatika, na mshonaji ahitaji mwanga wa jua kuliko ahitajivyo zulia. Orofa ya chini iwe karakana yenye milango mipana ya kupitishia mashine na marobota. Kiwepo chumba cha kuhifadhi vitu vya wazee wetu: nguo ya gome la mti waliyoivaa mababu, imvutano za akina mama, mikeka na vikapu, ili mchoraji asilazimike kwenda makumbusho ya Ulaya kutafuta maua ya bibi yake. Na zaidi ya yote, mafundi wa Buyenzi na Rumonge waitwe kufundisha, wapewe mshahara na heshima ya waalimu, hata kama hawana hati. Jengo ambalo fundi hawezi kuingia ila kwa mlango wa kufagilia, hilo nami nitalikataa pamoja na wenzetu walioshinda kwa kura.

Mimi nina miaka 19, na mwaka huu namaliza masomo. Katika darasa letu tulikuwa na mwenzetu aliyeweza kuchora uso wa mtu yeyote kwa kalamu ya risasi, hata ukadhani utasema. Daftari zake za jiografia zilikuwa na ramani nzuri kuliko zile za kitabu. Nyumbani waliona kwamba kuchora hakumpeleki mtu popote, na mwaka jana ada ilipokosekana hakuna aliyeona hasara ya kumtoa shuleni. Sasa hupakia madumu ya mawese katika magari. Kupakia mizigo ni kazi ya halali, wala simdharau mtu aifanyaye. Lakini nchi imepoteza mchoraji, wala hakuna aliyeandika hasara hiyo katika kitabu chochote cha hesabu. Ni wangapi kama yeye toka Minago mpaka Nyanza-Lac? Hao ndio ninaowasemea.

Basi nina ombi kwenu ninyi mliokwisha kupita katika shule hii, ambao wengine mna maduka Bujumbura, na wengine mna kazi za ofisi. Shule yetu ina baraza pana upande wa karakana ya useremala, nayo siku ya Jumamosi mchana haina kazi. Tupeni cherehani mbili, hata zikiwa za zamani, na kompyuta moja inayowaka. Sisi wanafunzi tutamwomba fundi mmoja wa hapa Minago aje kutufundisha kukata, na tutachanga wenyewe nauli yake na chakula chake. Kila muhula tutaandika katika gazeti hili tumefanya nini, ili mjue kama mali yenu imefaa au imepotea. Kazi yetu ya kwanza iwe kuchora kitenge kimoja chenye mitumbwi na ndagala wa ziwa letu, na kushona sare za wadogo zetu wa darasa la kwanza.

Mwenye maneno ya kunipinga na ayaandike. Nitayasoma kwa furaha katika toleo lijalo.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa darasa la mwisho, Minago.